Nyayo Zilizofagiwa

Nakumbuka siku moja niliyokwenda Susuni kumsalimia kaka yangu nikakuta njia imefagiwa. Sisemi uwanja, mwanangu. Uwanja kila mwanamke anafagia. Nasema njia, ile ya miguu iliyotoka nyumbani kwake, ikapita katikati ya mashamba ya mihogo na kuteremka hadi mtoni. Ilikuwa imefagiwa yote, mistari ya ufagio imejipanga vumbini, wala hapakuwa na alama ya mtu, ya mbuzi, wala ya kuku. Nilisimama pale juani na mkungu wangu wa ndizi kichwani.

Ilikuwa saa saba mchana. Mashambani hapakuwa na mtu hata mmoja, na kawaida ya Susuni ni kwamba hukosi mtu wa kukuuliza unatoka wapi na umebeba nini. Sikuthubutu kuikanyaga ile njia. Nilipita pembeni, kwenye majani, kama vile ina mwenyewe na sijapewa ruhusa. Nilipokaribia nyumbani nikamwona wifi yangu Robhi, mke wa kaka yangu Mwita, anakuja kinyumenyume ameinama, tawi la majani mkononi, anafagia huku anarudi. Nilipomwita jina alishtuka hadi tawi likamwanguka. Akaniangalia mikono kwanza, kisha miguu, ndipo akaniangalia uso.

Nikamuuliza anafagia nini huko nje. Akasema nyoka. Ati nyoka wamezidi, anafagia ili kesho aone kama wamepita. Robhi hakuwa mzoefu wa kudanganya, maskini, na mimi sikuwa na moyo wa kumbana mara moja. Nilimkabidhi ndizi zake tukaingia ndani.

Sasa nikueleze kilichokuwa kimewapata watu wa pale, maana usipokijua hiki utadhani wifi yangu alikuwa na wazimu. Miezi michache kabla ya siku hiyo, ng'ombe wa jirani yao, Mzee Chacha, waliibwa zizini. Kwato zilielekea Sirari, na ng'ombe akishavuka mpaka nani atakuambia tena alikopita. Vijana wa kitongoji kile walishukiwa wote, na wazee wakaamua watu waapishwe. Kiapo chenyewe kilikuwa kitu kilichofungwa kwa ngozi kuukuu, ukubwa wake kama mtoto mchanga, na sijawahi kukutana na mtu aliyejua ndani mna nini. Kiliwekwa chini. Kila mwanaume akakiruka peku, mmoja mmoja, akisema kwamba kama anajua habari za wale ng'ombe, basi kimle. Aliyekitunza ni mzee mmoja aliyeitwa Nyamhanga, mrefu, mkimya, ambaye hata mbwa walinyamaza akipita. Mwita aliruka kama wenzake. Kisha watu wakarudi majumbani kusubiri nani ataliwa.

Hujawahi kuishi mahali watu wanasubiri jambo la namna hiyo, mwanangu, na nakuombea usiishi. Mtu mwenye kikohozi alikwenda kukohoa katikati ya mahindi asisikike. Mama ambaye mwanawe aliota jipu shingoni alimfunika kanga mchana kutwa, joto lote lile, mtoto analia. Mtu alikupa salamu, akakuuliza habari za nyumbani, na wakati huo macho yake yanakutambaa mwilini, yanatafuta. Waliacha kuogea mtoni pamoja. Hakuna aliyetaka kuonekana ana hata mkwaruzo, kwa sababu mkwaruzo ungesema jina lake.

Mwita nilimkuta amekaa ndani, kwenye giza la chumba, amevaa mabuti ya mpira. Kiangazi kile, hata mto ulikuwa umebaki vidimbwi, yeye yuko ndani ya nyumba yake na mabuti. Alinisalimia kwa furaha, akauliza habari za kwangu, maana mimi nilikuwa nimeolewa mbali, upande wa Serengeti. Aliniuliza mvua, aliniuliza watoto, mpaka mbuzi aliwauliza. Nilimjibu, lakini pua yangu ilikuwa imeshanusa. Kulikuwa na harufu mle ndani, nzito, tamutamu, ya kitu kilichoanza kuoza, na wote watatu tulikaa tukainywa na chai kana kwamba haipo.

Hapo ndipo nilipotumia haki yangu. Kwetu Wakurya, enzi zile hasa, kaka na dada walifungwa pamoja kwa ng'ombe. Ng'ombe wa mahari walioletwa kwa ajili yangu ndio aliomwolea Robhi, na kwa sababu hiyo kulikuwa na mambo ambayo Mwita hakuweza kunikatalia, hata akiwa mkubwa kwangu na hata akiwa mkali. Sikuwahi kumkumbusha kabla ya hapo. Siku hiyo nilimkumbusha.

"Mwita, huyu mwanamke yuko hapa kwa ng'ombe zangu," nikamwambia. "Vua hayo mabuti."

Akavua, polepole, buti la kulia akalivuta kama analichuna. Robhi akageukia ukutani.

Chini ya wayo, karibu na kisigino, palikuwa na kidonda. Nimeona vidonda vingi maishani, mwanangu, vya panga, vya moto, vya kuumwa na mbwa. Hiki hakikufanana navyo. Kilikuwa cheusi lakini si weusi wa mwili wetu, na weusi wenyewe haukuwa mmoja, mahali pengine uliingia kwenye bluu, pengine wekundu wa nyama mbichi. Kingo zake hazikuwa sawa. Pembeni yake kulikuwa na vidoadoa vyeusi vimetawanyika, kama kimezaa. Niliogopa. Sitakudanganya kwamba nilikuwa jasiri, niliogopa hadi nikataka kutoka nje.

"Kimenipata, Bhoke," akasema. Hakulia. Alilisema kama mtu anayetaja jina la mgeni aliyefika.

Akanieleza kwamba tangu aruke kile kiapo doa lile lilikua. Alilikwangua kwa wembe, likarudi. Alilichoma kwa chuma cha moto, ameuma kitambaa asisikike na majirani, likarudi bichi. Alipoanza kuchechemea hakutoka tena ila alfajiri, na Robhi akafuata nyuma na tawi, maana nyayo za mtu anayechechemea zinasomeka vizuri sana vumbini. Upande mmoja unazama, upande mwingine unagusa vidole tu. Mwenye macho angejua. Na juu, penye kinena, ulikuwa umeota mtoki, mgumu, usiouma. Alinishika mkono akaniwekea juu ya nguo nikausikia, kama punje kubwa ya karanga imejificha mle.

Nilikaa nikiwaza, na wazo likaja lenyewe. Mwaka ule ule, muda mrefu kabla ng'ombe wa Chacha hawajaibwa, nilikuja kuwasaidia kuezeka jiko. Mwita alikuwa juu ya paa, mimi chini nampa matita ya nyasi, miguu yake inaning'inia juu ya kichwa changu. Niliona doa jeusi pale pale kisigino. Nilidhani ni masizi. Nikamcheka, nikamwambia mkeo hakupi maji ya kuoga wewe, na yeye akacheka, akasema limekataa kutoka. Tukaendelea na kazi.

Nilimwambia. Nilidhani nimemfungua. Nikasema, Mwita, doa hili lilikuwepo kabla ya kiapo, nimeliona mwenyewe. Yeye akatikisa kichwa.

"Kile kitu kinajua mbele," akasema.

Mwanangu, jibu hilo lilinitisha kuliko kidonda. Kidonda kilikuwa mguuni, lakini hili lilikuwa limeshamwingia mahali ambapo sikujua nitamshikia wapi. Nilijaribu habari ya hospitali akasema ukienda hospitali utavua kiatu, utaulizwa, muuguzi ana ndugu zake kitongojini, na kesho yake Chacha na wanawe watakuja na mapanga. Kuonyesha ule mguu ni kukiri. Alichagua kukaa kwenye giza lake, aliwe taratibu, mkewe na watoto wabaki na jina safi.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa Mzee Nyamhanga peke yangu, nimuombe amtoe kaka yangu kwenye kiapo. Nyumba yake ilizungushiwa katani, na uwanja wake nao haukuwa na nyayo, lakini huo haukufagiwa, ni kwamba watu hawakwenda. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni. Nilimpa shikamoo nikamwita tata, kama tunavyowaita wanaume wa rika la baba zetu, nikakaa chini mbali kidogo. Nyuma yake, ndani, niliona kitu kimening'inizwa kwenye mwamba wa paa, kimefungwa ngozi. Hapakuwa na upepo, lakini naapa kilikuwa kinageuka, polepole, upande huu kisha upande huu. Nilitazama chini nisikione.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kaka yako aliiba?" akauliza.

"Anasema hapana, tata."

"Kwa hiyo unataka nimtoe wapi?"

Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, kwamba lile doa lilianza lini. Nikamwambia habari ya jiko na nyasi na miguu inayoning'inia.

"Kilimla kabla hajaapa?" akasema. "Mnanisingizia."

Kisha akanikaripia, mwanangu, na karipio lile bado linaniwasha masikioni hadi leo nikiwa na mvi zangu hizi. Hakupandisha sauti. "Ng'ombe akichechemea mnamwangusha chini. Mnamkalia shingo, mnamshika miguu, mnaangalia kwato moja moja, na mkishindwa mnamwita bwana mifugo. Mtu akichechemea, mnafagia njia. Na wewe uliliona ukacheka. Lingekuwa kwenye kwato ya ng'ombe wako ungecheka?"

Nilisema hapana kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia.

"Mguu uende hospitali," akasema. "Kama ni ugonjwa, nataka ijulikane ni ugonjwa, jina la kiapo lisafishwe."

"Na kama aliiba, tata?"

Alitazama kule ndani, kwenye kile kitu, akarudisha macho kwangu. "Hata kama aliiba, uende hospitali kwanza. Mimi nitamsubiri."

Asubuhi iliyofuata alikuja mwenyewe na fimbo yake, akasimama uwanjani kwa Mwita. Mwita alipomwona alidhani mwisho umefika, akatoka bila ubishi. Tulimpakia kwenye baiskeli, mimi nasukuma, Robhi anamshika mgongo, na Nyamhanga anatangulia. Watu waliokuwa njiani waliondoka njiani. Milango ilifungwa tulipopita, mmoja baada ya mwingine, na nyuma ya kila mlango nilijua kuna jicho. Hakuna aliyetusalimia kuanzia Susuni hadi barabara kubwa tulikopata gari la kwenda mjini. Walidhani tunampeleka kuzikwa.

Pale Bomani, hospitalini, Nyamhanga alikaa kwenye benchi na wagonjwa wengine, na benchi lote likahama likamwachia. Daktari alimvua Mwita buti akautazama mguu kwa taa, akambonyeza kinenani, akaacha kuzungumza. Alikata kipande kidogo cha nyama, kikapelekwa Mwanza kupimwa. Majibu yalipokuja yalisema ni saratani ya ngozi. Daktari akatueleza kwamba sisi watu weusi aina hii inatupenda kwenye nyayo, kwenye viganja, na chini ya kucha, mahali ambapo hatujiangalii. Akasema hata wao hawajui vizuri kwa nini inaanzia huko, ambako jua halifiki. Akasema ilianza kama doa, na ilipokuwa doa ingekatwa kwa sindano ya ganzi na mtu akarudi nyumbani kwa miguu yake. Ule wembe na kile chuma vilichezea juu tu, mizizi ikabaki inatembea. Ule mtoki ulikuwa ndiyo hiyo saratani, imeshapanda.

Walimkata mguu chini ya goti huko Mwanza, wakatoa na ule mtoki. Nyamhanga alipopata habari alikwenda nyumba kwa nyumba, mzee yule ambaye haendi kwa mtu, akasema ni ugonjwa, una jina lake, na atakayemnyooshea Mwita kidole ataruka kiapo yeye. Watu wakaanza kuja kumsalimia. Robhi akapumzisha tawi lake.

Lakini ilikuwa imechelewa. Aliishi nasi mavuno mawili tu. Baadaye ikaingia kifuani, akawa anaitafuta pumzi. Katika siku zake za mwisho nilikuja kumuuguza, na mchana mmoja Robhi alipokwenda kuteka maji, Mwita akaniita nisogee.

"Ni mimi niliyefungua zizi la Chacha," akasema. "Ndiyo maana nilinyamaza. Niliona kuliwa ni haki yangu."

Sikuwa na hasira ya wale ng'ombe, mwanangu, Mungu anisamehe, ng'ombe sikuwawaza hata kidogo. Nilikuwa nawaza miezi yote ile aliyokaa gizani akiamini kwamba anastahili, na kwamba dawa ipo kwa wengine si kwake. Nilishika mguu wake uliobaki, nikauinua, nikautazama chini, wayo wote, hadi katikati ya vidole. Ulikuwa msafi. Nililia sana.

Alipokufa, Nyamhanga alikuja msibani akakaa mbali na watu. Hakuniuliza chochote na mimi sikumwambia. Alinitazama tu mara moja, akainua fimbo yake akaondoka. Watu wakinibana hadi leo kama kiapo kilimla kaka yangu, nasema sijui mambo ya kile kitu na sitaki kuyajua. Ninachojua ni kwamba daktari angelikiondoa kile kidoa mapema, na Mwita angezeeka na dhambi yake kama watu wengine tunavyozeeka na zetu.

Basi nisikilize, wewe unayechimba dhahabu Kerende na kuvaa buti tangu alfajiri hadi giza, na wewe unayelima, na wewe unayekaa ofisini ukadhani haya ni ya washamba. Jioni ukioga, kaa chini ugeuze nyayo zako uziangalie. Angalia katikati ya vidole, viganja, kucha. Usipoona vizuri muite mkeo, mumeo, mwanao, akuangalie mgongo na kisogo. Doa linalokua, linalobadilika rangi, lenye kingo mbovu, linalotoa damu, mstari mweusi unaopanuka chini ya ukucha, kidonda kinachopita mwezi hakijafunga, kovu la zamani la moto linaloanza kuchimbika upya, hayo hayasubiri. Nenda zahanati, na wakikupa dawa ya kupaka lisipone, rudi useme halijapona, omba waandike uende mbele. Usilikate. Usilichome, usilimwagie maji ya betri kama nilivyosikia vijana wa machimboni wanavyofanya. Na mtoki usiouma usiushukuru kwa sababu hauumi. Ukishatibiwa, rudi siku watakazokuambia urudi, hata kama unajisikia mzima kabisa, maana huu ugonjwa ukibaki kidogo unajua kukaa kimya.

Kwa watoto wetu wenye ualbino jua lenyewe ndilo adui, na hapo hakuna mjadala. Mjukuu wangu Nyangi haendi shambani mchana, wakinuna wanune. Ana kofia pana, mikono mirefu, mafuta yake ya kliniki, na anapimwa ngozi hata pasipo na kitu cha kuonekana. Shuleni anakaa mbali na dirisha. Nimekwenda mwenyewe kuongea na mwalimu.

Lakini lile ninalotaka ulibebe kuliko yote ni hili. Mtu akikuonyesha mahali panapomuuma, usimuulize amefanya nini. Muulize limeanza lini, kisha mshike mkono mwende. Na likiwa lako wewe, hata kama una jambo moyoni unalojua Mungu amelihesabu, usikae ukangoja kuadhibiwa na mwili wako. Yaliyo ya wazee yatasubiri. Yaliyo ya Mungu yatasubiri. Kidoa hakisubiri.

Mungu akupe macho ya kujiangalia na mdomo wa kusema mapema. Nakuombea uzee, mwanangu, uzee mrefu wenye kuchosha wajukuu kwa maneno, kama huu wangu. Mwita hakuupata.